Nani Aliyepunguza? Uhakiki wa Kiswahili cha Ofisi katika Viwanda vya Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au udhaifu wa mwili amweleze mtu huyo sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, huku mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwapo. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kinasema jambo linalofanana na hilo juu ya mkataba: asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ambayo mkataba umeandikwa, hana budi kuelezwa masharti yake kwa lugha anayoielewa. Kwa mtaalamu wa lugha maneno haya ni mazito kuliko yanavyoonekana. Ni mara chache sheria ya nchi kuifanya fahamu ya msikilizaji kuwa sehemu ya uhalali wa tendo. Barua ikisomwa na isieleweke, tendo lenyewe linakuwa na kasoro.

Swali linalozuka ni hili: kuelewa lugha ni kuelewa nini? Msomaji wa haraka huchukulia kwamba tatizo ni Kiingereza na kwamba dawa yake ni Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya kweli. Kimo Kiswahili kinachoeleweka neno kwa neno na ambacho, kwa jinsi kilivyoundwa, humwacha mfanyakazi bila ya kujua ni nani aliyetenda, alitenda nini, na kwa amri ya nani. Kiswahili hicho ndicho kinachoitwa hapa Kiswahili cha ofisi. Eneo linalochunguzwa ni Kitengela na Kajiado, kusini mwa Nairobi, ambako viwanda vikubwa, ardhi ya Wamaasai na wahamiaji kutoka pande zote za Kenya vimekutana kwa muda wa zaidi ya karne moja.

Ieleweke tangu awali kwamba shabaha ya uhakiki huu si kuibeza lugha ya kazi. Kila kazi ina msamiati wake. Baharia ana tanga, foromali na demani. Mwashi ana timazi na pimamaji. Fundi cherehani ana pindo na mshono. Maneno hayo humtatiza mgeni, lakini hayamdanganyi, kwa kuwa kila moja limefungwa kwenye kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Yanayohojiwa hapa ni maneno ambayo mtu akiulizwa aonyeshe kitu chake hubaki akitazama ukuta.

2. Mahali na tabaka za msamiati

Magadi ni neno la Kiswahili lililopewa ziwa, mji na kampuni. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Reli yake, inayotoka Konza na kupita Kajiado hadi ziwani, ilikamilika mwaka 1915. Tangu mwaka 1926 kampuni hiyo ilikuwa chini ya shirika la ICI la Uingereza, na tangu mwaka 2005 iko chini ya Tata Chemicals ya India. Upande wa kaskazini-mashariki, kiwanda cha saruji cha East African Portland, ambacho kampuni yake ilianzishwa mwaka 1933, kimesimama Athi River, na eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilianzishwa huko huko kufuatia sheria ya mwaka 1990. Athi River iko katika Kaunti ya Machakos, lakini wengi wa wanaofanya kazi humo wamepanga vyumba Kitengela, upande wa pili wa mpaka, katika Kaunti ya Kajiado. Kwa hiyo Kitengela ni mji ambao lugha ya kiwandani hurudi nyumbani kila jioni pamoja na wenye kuisema.

Wenyeji wa ardhi hiyo walikuwa wameonja mapema ladha ya hati wasiyoweza kuisoma. Maafikiano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 baina ya serikali ya kikoloni na viongozi wa Kimaasai, ambayo yaliwahamisha Wamaasai kutoka nyanda zao, yaliandikwa kwa Kiingereza na kupitia kwa wakalimani. Wamaasai walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilianguka kwa sababu maafikiano hayo yalihesabiwa kuwa mkataba baina ya dola mbili, jambo lililo nje ya uwezo wa mahakama. Haikulazimu kuulizwa kama haki ilitendeka. Ilitosha kulipa tendo jina la aina yake. Mfano huo ni wa kale, lakini unaonyesha uwezo wa istilahi moja ya ofisini kuamua mambo ya watu elfu nyingi bila ya wao kujua kwamba imetamkwa.

Msamiati wa uendeshaji kazi katika Kiswahili una tabaka zinazoweza kusomwa kama tabaka za udongo. Chini kabisa yako maneno ya misafara na ya bandari: mnyapara, mpagazi, hamali, serangi, karani, posho. Juu yake yamelala maneno ya dola la kikoloni na mashamba ya walowezi. Kipande, ambacho asili yake ni sehemu tu ya kitu, kikawa cheti kilichoanza kutekelezwa Kenya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikaandikwa jina la mwajiri, ujira, na siku ya kuingia na kutoka kazini, na kuning'inizwa shingoni mwa mtu ndani ya kikopo cha chuma. Kibarua ni barua ndogo. Jina la karatasi likahamia kwa yule aliyeibeba. Juu ya tabaka hizo mbili imelala ya tatu, ambayo ni mpya: rasilimali watu, tija, mchakato, uwezeshaji, wadau, changamoto.

Ipo tofauti moja kubwa baina ya tabaka za chini na hii ya juu. Mnyapara na kipande ni maneno makali, lakini yana uso. Aliyeyasikia alijua ni nani anayemsimamia na ni kitu gani kinachomfunga. Ukali wake ulikuwa mtupu, na kwa sababu hiyo uliweza kupingwa kwa jina lake. Neno kipande lenyewe likawa kilio cha siasa. Ni vigumu kuwazia umati ukiandamana dhidi ya mchakato.

3. Kiswahili hushuka, Kiingereza hupanda

Katika viwanda vya Kenya lugha hazikugawana kazi kwa usawa. Kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili Exercises, kilichotolewa mwaka 1936 kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao, ni ushahidi mwema wa jinsi Kiswahili kilivyotazamwa na mabwana wa bara. Kilikuwa chombo cha kuamrishia: kiwe chepesi, kipunguziwe mzigo wa ngeli, kimtoshe mtu kumtuma mtumishi. Maelezo na sababu havikuhitaji Kiswahili, kwa kuwa mtumwaji hakudhaniwa kuwa na haja navyo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba mwaka huo huo wa 1911 ambao kampuni ya Magadi iliundwa, Mmarekani Frederick Winslow Taylor alichapisha kitabu chake juu ya misingi ya uendeshaji wa kisayansi. Kiini cha mafundisho yake kilikuwa kutenga kufikiri na kutenda: ofisi ipange, mkono utekeleze. Pale Amerika mgawanyo huo ulipita ndani ya lugha moja. Kenya ulikuta mpaka wa lugha umekwisha kuchorwa, ukalala juu yake. Kupanga kukawa kwa Kiingereza na kutekeleza kukawa kwa Kiswahili.

Uhuru haukuufuta mpaka huo. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudi kando yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo mwendo wa maneno kiwandani bado ni ule ule kwa sehemu kubwa. Amri hushuka kwa Kiswahili, au kwa Kiswahili kilichochanganywa na maneno kama tageti, shifti na ovataimu; taarifa hupanda kwa Kiingereza na kulala katika faili. Msimamizi humwambia mshonaji kwa mdomo, «Leo umelegea, kaza mkono.» Jioni maneno hayo huandikwa kwa lugha nyingine na kwa sura nyingine: kwamba mfanyakazi huyo hakufikia kiwango kilichowekwa. Siku ya siku, faili ndiyo inayozungumza. Maneno yaliyosemwa kwa mdomo hayana shahidi, na yaliyoandikwa hayana msikilizaji.

Hapo ndipo kifungu cha 41 kinapoingia, kama daraja la kuvuka kutoka kwenye faili hadi kwa mtu. Lakini daraja hilo lina mfasiri, na mfasiri huyo huchota msamiati wake katika tabaka ile mpya. Kwa hiyo inabidi tabaka hiyo ichunguzwe kwa karibu.

4. Ngeli ya mtu

Istilahi iliyoenea kuliko zote katika tabaka hii ni rasilimali watu. Rasilimali ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mtaji, yaani kile kichwa cha mali ambacho mfanyabiashara huanza nacho. Kuweka nomino mbili bega kwa bega bila ya kiunganishi si jambo geni katika Kiswahili. Watu husema askari kanzu na bata mzinga. Ubaya wa istilahi hii hauko katika muundo wake. Uko katika upatanisho wa kisarufi unaoufuata.

Kiswahili kina desturi ya kuheshimu uhai. Nomino yoyote inayotaja kiumbe mwenye uhai, hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine, aghalabu huvutwa kwenye upatanisho wa a- na wa-. Kiziwi amesikia habari; kipofu ameongozwa; kibarua amefika. Mfano huu wa mwisho ndio wenye uzito. Kibarua amepewa jina la karatasi, na umbo lake ni la ki- na vi-, lakini sarufi imekataa kumwacha huko. Hakuna asemaye kwamba kibarua kimefika, isipokuwa anayekusudia kazi yenyewe au anayetaka kutukana. Jamii ilimdhalilisha mtu huyo kwa jina. Lugha ikamrudishia utu wake katika kitenzi.

Rasilimali watu hufanya kinyume. Jina lake lina watu ndani yake, tena kwa uwazi, lakini kitenzi chake huwa ni i-: rasilimali watu imeongezeka, imepangwa, imepunguzwa. Ndivyo ilivyo pia kwa nguvukazi. Watu wametajwa, kisha wamenyimwa kiambishi chao. Huenda msemaji wa ofisi hakuwaza hayo, na hapana haja ya kumshuku kwa nia mbaya. Lakini sarufi haiulizi nia. Mwenye kusikia kwamba rasilimali watu itapunguzwa hasikii kwamba yeye atapunguzwa, kwa kuwa hamna mahali katika sentensi hiyo panapomfaa kuingia.

Neno changamoto limepitia safari nyingine. Ndani yake mna moto, na maana yake ya awali ilikuwa jambo linalomtia mtu hamasa, linalomchochea kutenda. Katika Kiswahili cha ofisi limekuwa kifuniko cha kila lililoharibika. Mshahara ukichelewa, pana changamoto; mashine ikikata kidole, pana changamoto. Kiswahili kina tatizo, kasoro, kosa, upungufu, ajali, deni, dhuluma. Kila moja ya maneno hayo huzaa swali lake: kosa la nani, deni la kiasi gani, ajali ya lini. Changamoto haizai swali. Huzaa ari, au hutakiwa kuizaa, na aliyedhulumiwa hujikuta akiombwa achangamke.

Hali kadhalika kwa kivumishi -etu. Lugha kadhaa za dunia hupambanua «sisi» inayomjumuisha msikilizaji na «sisi» inayomwacha nje. Kiswahili hakipambanui, na ofisi imeutumia ufa huo. «Kampuni yetu imefanya uamuzi» na «sote tujifunge kibwebwe kufikia lengo letu» huweza kufuatana katika hotuba moja. Katika sentensi ya kwanza msikilizaji hamo; katika ya pili yumo. Alitengwa wakati wa kuamua, akakaribishwa wakati wa kujifunga kibwebwe.

5. Sarufi ya kumficha mtendaji

Kunyambulika kwa vitenzi ni fahari ya lugha za Kibantu, na ni hapo Kiswahili cha ofisi kinapofanya kazi yake kubwa zaidi. Zifuatazo ni sentensi za mfano:

(a) Meneja amepunguza wafanyakazi 40.
(b) Wafanyakazi 40 wamepunguzwa na meneja.
(c) Wafanyakazi 40 wamepunguzwa.
(ch) Wafanyakazi wamepungua.
(d) Kumekuwa na upunguzaji wa nguvukazi.

Sentensi hizi tano zaweza kuhusu asubuhi ile ile na lango lile lile. Katika (a) mtendaji amesimama mbele. Katika (b) amerudi nyuma, lakini yupo. Katika (c) ameondoka na kuacha kiti chake wazi: msikilizaji ana haki ya kuuliza «na nani?», na kauli ya kutendwa inamlazimu msemaji ajibu au aonekane amekataa kujibu. Katika (ch) hata kiti kimeondolewa. «Wamepungua na nani?» ni swali lisilosemeka katika Kiswahili, kwa kuwa kitenzi pungua hutaja hali inayojitokea yenyewe, kama maji ya mto wakati wa kiangazi. Katika (d) kitenzi chenyewe kimegeuzwa nomino. Idadi imetoweka, wakati wa tendo umefifia, na waliotendwa wamekuwa nguvukazi. La kustaajabisha ni kwamba nomino upunguzaji bado imebeba kiambishi -ji, kile kile cha mtendaji. Mpunguzaji yumo ndani ya neno, lakini haandikwi kamwe.

Mteremko huu kutoka (a) hadi (d) si suala la mtindo tu. Mwaka 2019 kampuni ya saruji ya East African Portland iliwaarifu wafanyakazi wake kwamba nafasi zao za kazi zinaondolewa, kwa kuwa kampuni ilikuwa katika dhiki ya fedha. Habari za namna hiyo zikifika kwa Kiswahili hufika katika umbo la (c) au la (d). Lakini sheria yenyewe husema vingine. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Ajira, kinapofasili upotevu wa kazi wa aina hiyo, kinautaja kuwa ni kupoteza kazi pasipo hiari ya mfanyakazi wala kosa lake, na kwamba ajira hukoma kwa hatua iliyoanzishwa na mwajiri. Kifungu cha 40 kinataka ilani itolewe kwa chama na kwa afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Sheria imemtaja mtendaji waziwazi: ni mwajiri. Tangazo linalosema kwamba nafasi zimepungua limeiacha sheria nyuma, na limemnyima mfanyakazi neno lile lile ambalo haki zake zimetundikwa. Anayejua kwamba amepunguzwa na mwajiri bila ya kosa lake ana dai. Anayeamini kwamba nafasi zimepungua ana bahati mbaya tu.

6. Upande wa wasemwao

Ingekuwa kosa kudhani kwamba wafanyakazi hupokea lugha hii wakiwa kimya. Wana lugha yao, nayo pia inastahili kuhakikiwa badala ya kusifiwa tu. Misemo miwili yatosha. Wa kwanza ni kumwaga unga, unaotumika Kenya na Tanzania kwa maana ya kupoteza kazi. Taswira yake ni ya jikoni: posho ya nyumba imetapakaa chini, na watoto wanatazama. Ni taswira yenye ukweli mchungu. Lakini kisarufi, aliyefukuzwa ndiye mtendaji: amemwaga unga. Mkono uliousukuma mfuko hautajwi. Katika jambo hili msemo wa wanyonge umekubaliana na tangazo la ofisi, tena umekwenda mbele zaidi, kwa kuwa tangazo halimtaji yeyote, ilhali msemo unamtaja aliyeathirika kana kwamba ndiye mwenye kosa.

Wa pili ni kupigwa kalamu. Hapa kauli ni ya kutendwa, na chombo kimetajwa. Kalamu ni ya ofisini, haijipigi yenyewe. Kwa kutaja chombo, msemo unaelekeza macho kwenye mkono unaokishika, na hapo hapo unakumbusha kwamba tendo lilifanywa kwa maandishi, mbali na uso wa aliyepigwa. Kwa kipimo cha makala haya msemo huu ni uhakiki kamili wa uendeshaji wa viwanda, uliotolewa kwa maneno mawili na watu wasioulizwa maoni yao.

Fasihi andishi imeshughulikia jambo hili kwa kiasi gani? Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, iliyotolewa mwaka 1981, Lanina anawaongoza wafanyakazi wenzake dhidi ya Delamon, mlowezi mwenye shamba. Nguvu ya mchezo huo inatokana na uwazi wa pande zake: bwana anajulikana, amri yake inasikika, na dharau yake haijifichi. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuligusa suala hili kwa upande mwingine katika Kusadikika, mwaka 1951, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ienezwe. Alitambua kwamba lugha ya sheria ikibaki mikononi mwa wachache, wengine wote huwa washtakiwa watarajiwa. Lakini meneja wa leo, mpole wa sauti, asiyeamrisha bali huwezesha, asiyefukuza bali hupanga upya, bado hajapata mahali pake panapostahili katika tamthilia na riwaya za Kiswahili. Ni vigumu kumchora mhusika ambaye sentensi zake hazina kiima.

Na hata hivyo wakati mwingine lugha ya kifuniko hupasuka. Mwanzoni mwa mwaka 2003, baada ya serikali mpya kuingia madarakani, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya kuuza nje, wa Athi River wakiwamo, waligoma kwa wingi wakilalamikia ujira na masharti ya kazi. Migomo ya namna hiyo ina sababu nyingi, na lugha si ya kwanza miongoni mwake. Lakini mahali ambapo kila lalamiko limekwisha kupewa jina la changamoto, hapana njia ya kawaida iliyobaki ya kulisema, na miguu huanza kusema badala ya midomo.

7. Hoja za upande wa pili

Zipo hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya wengi katika eneo hili. Mlinzi au mpakiaji aliyezaliwa Kajiado huenda lugha anayoielewa vyema zaidi ni Kimaasai, na jirani yake wa Kitengela huenda ni Kikamba, Kikuyu au Kiluhya. Hoja hii ni ya kweli, na kifungu cha 41 kinaitambua kwa kutotaja lugha yoyote kwa jina. Lakini haipunguzi umuhimu wa suala, inauongeza. Aghalabu Kiswahili ndicho daraja ambalo maelezo hupitia kabla ya kufika katika Kimaasai. Mkalimani aliyepewa upunguzaji wa nguvukazi hana mtendaji wa kumpeleka ng'ambo.

Ya pili ni kwamba lawama ingestahili Kiingereza, kwa kuwa maneno haya yote ni vivuli vya Kiingereza, na kwamba Kiswahili kikipewa nafasi kamili ofisini yatatoweka. Mfano wa Tanzania unaikataa hoja hiyo. Huko Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli zote za serikali mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na uonevu wa viongozi kwa maneno yaliyo wazi kiasi kwamba wafanyakazi wa viwandani waliufanya silaha yao katika migomo iliyofuata hadi mwaka 1973. Hapo Kiswahili kilionyesha kwamba chaweza kumwita meneja kwa jina lake. Lakini ni Kiswahili hicho hicho kilichokuja kuzaa utekelezaji, uhamasishaji na mikakati isiyo na mwisho. Lugha ya mtu haimlindi kwa kuwa ni yake tu. Humlinda pale inapotumiwa kujibu maswali yake.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha ofisi hakifichi maana kwa ugumu wa maneno, bali kwa njia tatu za kisarufi: kuwatoa watu katika ngeli yao, kutumia «sisi» isiyo na mipaka, na kumwondoa mtendaji kwa kauli ya kutendeka na kwa nomino za u-…-ji. Kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa orodha nyingine ya istilahi. Idara za lugha na vyombo vya kuunda istilahi vimezoea kupokea neno la Kiingereza na kulitafutia neno moja la Kiswahili. Utaratibu huo unafaa kwa vyuma na kemikali za Magadi. Haufai kwa matendo ya watu juu ya watu, kwa kuwa huhamisha nomino bila ya kuuliza kitenzi chake kilikuwa nini.

Kwa matendo hayo yafaa kipimo kingine, nacho ni chepesi. Kila tangazo, barua ya onyo au maelezo ya mkataba yanayotolewa kwa Kiswahili yageuzwe kuwa sentensi yenye kiima, kitenzi na wakati, kisha yaulizwe: nani, alimfanya nini nani, lini, kwa sababu gani. Tafsiri inayoweza kujibu maswali hayo imetimiza matakwa ya kifungu cha 41. Isiyoweza haijayatimiza, hata kama kila neno lake limo katika kamusi. Kazi hii haihitaji wataalamu wengi. Yahitaji wanafunzi wa isimu walio tayari kukaa na mwakilishi wa chama na kuisoma barua pamoja naye kabla ya siku ya kusikilizwa kwake, na walimu walio tayari kuihesabu kazi hiyo kuwa ni isimu.

Mshonaji wa Kitengela anayeitwa ofisini asubuhi ana dakika chache za kuelewa atakayoambiwa na kuyajibu. Akisikia (a), ana la kusema. Akisikia (d), atashukuru na kutoka, na mlangoni atawaambia wenzake kwamba amemwaga unga.